Bali Kama Si Hivyo: Kubeba Mimba ya Mtoto Asiye na Fuvu

Kabla mkesha wa maombi haujapangwa na kabla ndugu wa mbali hawajapigiwa simu, karatasi ya utrasaundi isomwe vizuri, ikiwezekana na yule yule aliyepima, mpaka ieleweke imesema nini. Habari za kichwa cha mtoto huchanganywa sana njiani, kati ya chumba cha kipimo na nyumbani. Kichwa kikubwa, yaani maji kujaa kichwani, si hukumu ya kifo. Mgongo wazi nao si hukumu ya kifo. Watoto hao hufanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, hospitali ya Kijabe nchini Kenya, na hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda. Mama aliyeambiwa hayo anatakiwa kutafuta rufaa, si kuanza kuaga.

Anensefali, yaani mtoto kukosa fuvu la utosi, ni jambo jingine. Katika wiki ya nne tangu mimba itungwe, wakati wengi bado hawajajua kama ni wajawazito, mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hujifunga. Ukishindwa kufunga upande wa juu, fuvu la utosi halijengeki na sehemu kubwa ya ubongo hukosekana. Uso upo, vidole vipo, moyo unapiga. Hakuna upasuaji wala dawa inayorudisha kilichokosekana. Wapo wanaofia tumboni au wakati wa kuzaliwa; wanaozaliwa hai huishi dakika, saa, au siku chache. Tunayoandika hapa yanahusu mimba ya namna hiyo. Mengi yatamfaa pia mama ambaye mtoto wake hana figo zote mbili, au ana kasoro ya kromosomu ya 13 au ya 18, ila hao wa kromosomu baadhi huishi miezi na wachache zaidi ya hapo, kwa hiyo mipango yao ina mambo mengine ya kujadili.

Kipimo cha pili ni haki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mpimaji mzoefu anaweza kuiona anensefali kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14, na kufikia wiki ya 18 hadi ya 22 kwa kawaida haifichiki. Makosa hutokea pande mbili. Kabla ya wiki ya 11 fuvu halijakomaa vya kutosha kuonekana, na mwishoni mwa mimba kichwa kikiwa kimeshuka kwenye nyonga, mpimaji asiye makini hawezi kukiona vizuri. Kuomba kupimwa tena katika hospitali ya mkoa au ya rufaa si kukosa imani wala si kumdharau daktari wa kwanza. Tuseme pia jambo ambalo halisemwi mimbarani: baadhi ya shuhuda za watoto "waliopona tumboni" ni za watoto ambao kipimo cha kwanza kilikosea. Mungu hapungukiwi kitu tukilisema hilo, na mama hupata msingi imara wa kusimamia sala yake.

Kuhusu kuendelea na mimba au kutoendelea, sheria hazilingani. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inaruhusu kuitoa mimba kwa ajili ya kuokoa uhai wa mama tu. Kenya, Ibara ya 26(4) ya Katiba ya mwaka 2010 inataja pia afya ya mama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya mwenye mafunzo. Kanisa Katoliki halikubali kuitoa. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu kuna mjadala unaotenganisha kabla na baada ya siku 120 za mimba. Tunaandika kwa ajili ya mama ambaye mimba anaendelea nayo, kwa hiari, kwa dini au kwa sheria, na tunaamini anastahili huduma kamili kama mjamzito yeyote.

Sasa tuingie kwenye imani yenyewe, kwa sababu humo ndimo mama anamoishi kwa miezi minne au mitano iliyobaki.

Mtoto wa anensefali hucheza tumboni, pengine kwa nguvu. Mkunga akiweka kifaa cha kusikilizia, mapigo ya moyo yanasikika vizuri, 140 kwa dakika, kama ya mtoto mwingine. Mama hupokea hayo kama ishara kwamba amepona, na ni nani angemlaumu? Lakini moyo una mpigo wake wenyewe, na mateke yanatoka kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, sehemu ambazo huwa zipo. Ni vema mkunga amweleze mama hili mapema, kwa upole, tena kabla hajaombwa. Asipoelezwa, kila teke litakuwa tumaini jipya na kila utrasaundi itakuwa msiba mpya. Akielezwa, teke hubaki kuwa teke: mtoto yupo, anaishi sasa, na mama anaweza kumwimbia leo bila kulifanya kila teke kuwa hoja ya kubishana na daktari.

Sala za mama huyu huwa mbili, na anahitaji ruhusa ya kuzisali zote. Ya kwanza inaomba mtoto apone. Ya pili inaomba nguvu ya kumpokea jinsi atakavyokuja. Viongozi wa dini wengi hujua kuongoza ya kwanza peke yake. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo". Wakristo wanaowasindikiza wazazi hawa wangefanya vema kuhubiri maneno hayo ya mwisho kwa uzito ule ule wa ya kwanza. Daudi naye alifunga na kulala chini mtoto wake alipokuwa hai na mgonjwa. Alipokufa, akanawa, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana, akala. Watumishi wake walishangaa, naye akawajibu: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Hakuna aliyemwambia alifunga vibaya.

Kwa Waislamu mfano uko karibu zaidi. Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (s.a.w.), alifariki akiwa bado ananyonya. Mtume alilia na kusema kwamba jicho linatokwa na machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mama anayezuiwa kulia kwa hoja kwamba ni kumkosea Mungu aelezwe hadithi hiyo. Siku ile jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume akawakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Kisa hicho cha jua kinafaa kwa jambo linaloumiza kuliko kipimo chenyewe, nalo ni kutafuta mkosaji. Wifi atasema mama alivuka mahali pasipovukwa. Upande wa mke watasema ni mkono wa mtu. Kanisani litatajwa agano la mababu, na mama aliyewahi kutumia njia za uzazi wa mpango ataambiwa ndiyo malipo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofungua mrija wa mtoto katika wiki ya nne. Yanayojulikana kuongeza uwezekano ni upungufu wa asidi ya foliki (aina ya vitamini B), kisukari kisichodhibitiwa, unene uliopitiliza, joto kali la mwili katika wiki za mwanzo, baadhi ya dawa za kifafa hasa sodiamu valproati, na urithi. Sumu ya ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya nayo inashukiwa. Na mara nyingi hakuna sababu inayopatikana kabisa. Mama anayetumia ARV asiache dawa kwa hofu: wasiwasi kuhusu dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, ulianzia kwenye takwimu za Botswana mwaka 2018, lakini takwimu zilizoendelea kukusanywa zikapunguza wasiwasi huo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha dawa hiyo hata kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Anayetumia dawa za kifafa pia asiziache mwenyewe. Degedege la mjamzito linaua.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mchungaji akisoma mstari huo sebuleni, mbele ya mama mkwe, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mkesha.

Madhara huanza pale maombi yanapoomba kiingilio, na kiingilio hicho ni kliniki. Mama huambiwa asirudi hospitali kwa sababu daktari "anatamka mauti". Au hutabiriwa mtoto mzima kwa tarehe, naye huacha kufanya mpango wowote, maana mpango unaonekana kama shaka. Mtoto anapozaliwa kama kipimo kilivyosema, lawama hurudi kwake: imani ilikuwa ndogo. Msimamo wetu ni mmoja. Maombi yaendelee, mikono iwekwe, kufunga kwa mjamzito kupunguzwe au kuachwe, na kliniki isikoseke hata mara moja. Mafuta ya upako yakipakwa juu ya ngozi ya tumbo hayana shida. Kombe, yaani aya iliyoandikwa kwa zafarani, likiandikwa kwenye sahani safi na kusuuzwa kwa maji safi ya kunywa, mama akinywa kidogo halitamdhuru. Dawa za mitishamba za "kufungua njia" au kuharakisha uchungu ni habari nyingine kabisa: baadhi hubana mfuko wa uzazi bila mpangilio na huweza kuupasua. Hizo zikataliwe, hata zikija na aya au zaburi.

Sababu ya kung'ang'ania kliniki si mtoto. Ni mama. Mtoto wa kawaida humeza maji ya uzazi na kuyakojoa, na hivyo kiasi chake hubaki sawa. Wa anensefali mara nyingi hamezi vizuri, kwa hiyo maji huongezeka. Dalili ni tumbo linalokua haraka kuliko umri wa mimba, ngozi ya tumbo kung'aa na kukaza, kushindwa kulala chali, pumzi kuwa fupi na miguu kuvimba. Hayo yakionekana, asisubiri tarehe ya kliniki. Hospitali ya rufaa inaweza kupunguza maji kwa sindano wakiongozwa na utrasaundi, na nafuu ya kupumua huja haraka, ingawa maji huweza kujaa tena.

Maji mengi huleta hatari nne. Uchungu huweza kuanza mapema mno. Chupa ikipasuka kwa kishindo, kitovu kinaweza kutangulia. Kondo la nyuma linaweza kubanduka ghafla, damu ikatoka. Na mfuko wa uzazi uliotanuka kupita kiasi huchelewa kusinyaa baada ya kujifungua, jambo linaloleta kutokwa damu nyingi. Upande wa pili, mimba zisizo na maji mengi huweza kupitiliza wiki 42, kwa sababu tezi ya ubongo wa mtoto inayochangia kuanzisha uchungu haikukua ipasavyo. Tarehe ya makisio kwenye kadi, basi, isitegemewe upande wowote. Kuanzia wiki ya 30 begi liwe tayari na usafiri uwe umepangwa.

Mama huyu asijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati isiyo na damu na chumba cha upasuaji. Kichwa kidogo cha mtoto hakisukumi mlango wa kizazi vizuri, hivyo uchungu huweza kuvuta muda mrefu. Mtoto huweza kutanguliza uso. Mabega, ambayo ni mapana kuliko kichwa, huweza kukwama kwa sababu kichwa hakikufungua njia. Mara mtoto anapotoka, mkunga atoe oksitosini, dawa ya kusinyaza mfuko wa uzazi, uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja, kama kwa mzazi yeyote. Ni kosa la kawaida, tena la kusikitisha, chumba kizima kuzubaa kumtazama mtoto na sindano ya mama kusahaulika. Mwenye kundi la damu hasi akumbushe sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kuja kushambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo, ndani ya saa 72: anaihitaji kama mtoto ana damu chanya, hata kama mtoto amekufa, na damu ya kupimia huchukuliwa kwenye kitovu.

Kupasuliwa kubaki kwa ajili ya mama peke yake. Upasuaji hauongezi maisha ya mtoto wa anensefali, lakini huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi litakalozihusu mimba zote zijazo. Kwa hiyo madaktari wengi hawafuatilii mapigo ya mtoto wakati wa uchungu, maana yakishuka yangewavuta kwenda kupasua. Hili lijadiliwe mapema. Mama asiyejua sababu huona kwamba mtoto wake ametupwa.

Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi moja, isainiwe na daktari, ibanwe kwa stepla ndani ya kadi ya kliniki. Tunasisitiza kadi kwa sababu moja: zamu hubadilika. Muuguzi wa usiku hakuwepo mlipokubaliana, na kitu cha kwanza anachokifungua ni kadi. Karatasi iseme utambuzi ni upi na ulithibitishwa wapi. Kupasuliwa ni kwa sababu ya mama tu. Mtoto asipigwe pumzi kwa mashine wala kuwekewa mirija. Apewe mama kifuani mara moja. Nani atambatiza au kumwadhinia. Jina lake ni nani. Mama alazwe mbali na wodi ya wenye vichanga ikiwezekana. Mstari wa jina usiachwe wazi. Muuguzi anayemwita mtoto kwa jina hufanya kila kitu kwa namna nyingine.

Baadhi ya ndugu watasema kuandika karatasi hiyo ni kumtangulia Mungu. Jibu letu ni lile la Daudi: alifunga mpaka mwisho, na maji ya kunawa yalikuwepo.

Begi la mtoto huyu ni dogo. Vikofia viwili laini vya pamba, kimoja kikubwa kidogo cha kuvalisha juu ya kingine. Shashi safi, na mafuta ya mgando au maji ya chumvi ya hospitali ya kuilowesha. Khanga mbili tatu za pamba zilizofuliwa mara nyingi, maana mpya ni ngumu na hazishiki joto. Sindano ya mililita 2 isiyo na ncha. Kidau cha wino wa mhuri na karatasi ngumu. Chupa ndogo ya maji safi kwa familia inayobatiza. Simu yenye chaji, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya picha peke yake.

Akizaliwa hai, hukaushwa kama mtoto mwingine, kisha sehemu iliyo wazi kichwani hufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa ili isikauke wala isishike kitambaa, halafu kofia. Mama hupewa ngozi kwa ngozi, wote wawili wafunikwe khanga. Kama anaogopa kumwona, aanze na miguu na mikono. Macho huwa yametokeza kwa sababu paji la uso halipo, na ni afadhali mama awe ameelezwa hilo kabla. Anachokiwaza mtu kwa miezi huwa kibaya kuliko anachokiona.

Mtoto anaweza kulia, kushika kidole, kunyonya kidogo. Asiambiwe mama kwamba ni miujiza, wala asiambiwe kwamba si kitu. Akionyesha kutafuta titi, apewe. Asiyeweza kunyonya adondoshewe maziwa ya kwanza ya njano ndani ya shavu kwa ile sindano, nusu mililita kwa mara moja, na kazi hiyo isitishwe akikohoa au akibadilika rangi. Kupumua kwake kutakuwa na vituo: atavuta pumzi, atanyamaza sekunde nyingi, ataanza tena. Midomo na kucha zitakuwa za bluu. Baadaye hushtuka kwa pumzi moja moja ndefu. Hiyo si kukabwa, na mama aelezwe hivyo kila inapotokea, maana asiyejua ataamini mtoto anateseka mikononi mwake. Kama yupo mtaalamu wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeweza kupona, aitwe tangu wakati wa mimba. Yeye ndiye anayepanga dawa za kutuliza iwapo zitahitajika, na ndiye atakayefuatilia ikiwa mtoto ataishi siku kadhaa na familia ikataka kurudi naye nyumbani.

Ubatizo wa dharura hausubiri padre. Kwa Wakatoliki, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kubatiza mtoto aliye hatarini kufa: maji yamwagwe yatiririke juu ya ngozi yake huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji na maneno viende pamoja, na kwa mtu mmoja yule yule. Kwa mtoto huyu yamwagwe penye ngozi nzima, kama kifuani, si kwenye jeraha. Walutheri na Waanglikana nao wana ubatizo wa dharura. Parokia au usharika upewe taarifa baadaye ili jina liandikwe. Makanisa ya Kipentekoste kwa kawaida hayabatizi vichanga, lakini mchungaji anaweza kumweka mtoto wakfu palepale. Aliyekufa habatizwi. Hapo wazazi Wakatoliki huogopa sana, na waelezwe kwamba sheria ya Kanisa (kanuni ya 1183) inamruhusu askofu kukubali maziko ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza, na kwamba Katekisimu inawakabidhi watoto hao kwenye huruma ya Mungu. Padre aulizwe juu ya ruhusa hiyo wakati wa mimba, si saa ya msiba.

Kwa Waislamu, baba au mwingine humwadhinia sikio la kulia kwa sauti ya chini. Akiwa alionyesha uhai, hata kwa kilio kimoja, huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa. Akizaliwa amekufa baada ya miezi minne, huoshwa, husitiriwa na kuzikwa. Kuhusu kumswalia madhehebu yanatofautiana, na wengi wa mwambao wetu hufuata Shafi, kwa hiyo shehe wa msikiti aulizwe mapema. Kichanga huweza kuoshwa na mwanamume au mwanamke. Kama ngozi inabanduka, maji yamwagwe tu bila kusugua. Kitambaa kimoja kinachofunika mwili wote kinatosha kuwa sanda. Mama aingojee nifasi yake, yaani siku za damu ya uzazi, kama mzazi yeyote. Kufa kwa mtoto hakuiondoi.

Alama ya mguu ichukuliwe mtoto akiwa bado laini. Ule utando mweupe ufutwe kwanza, mguu uguswe kwenye wino kidogo, kisha karatasi iliyowekwa juu ya ubao mdogo iletwe kwenye mguu, kisigino kwanza kuelekea vidole. Ukiukandamiza mguu chini kwenye karatasi utapata doa. Hata mama anayesema hataki picha apigiwe, zifichwe kwenye simu ya ndugu mwaminifu. Atakapoziomba ziwepo.

Katika jamii zetu nyingi kichanga huzikwa haraka na wazee wachache, hakuna matanga, na mama akiamka hukuta kila kitu kimeisha. Nia ni kumpunguzia. Kwa kawaida haimpunguzii. Hata pale ambapo desturi au dini haimpeleki kaburini, hakuna kinachozuia mwili kukaa naye saa chache kitandani, akamvisha mwenyewe, na akaambiwa baadaye kaburi liko wapi. Watoto wengine nyumbani waambiwe mdogo wao amekufa. Ukisema amelala, wataogopa kulala. Wodini ziombwe karatasi zote kabla ya kuruhusiwa: tangazo la kizazi kama alizaliwa hai, la kifo, na kibali cha mazishi.

Siku ya pili hadi ya nne maziwa yanajaa, na hakuna aliyemwonya. Yanajaa kwa sababu kondo limetoka, mwili haujui mtoto yuko wapi. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu pale maumivu yanapozidi, maana kuyamaliza kunayaalika mengine. Maji ya moto na kukanda kuachwe. Parasetamoli inasaidia. Daktari anaweza kutoa kabagolini, dawa ya kukausha maziwa, miligramu 1, mara moja, siku ya kwanza, lakini si kwa mwenye presha au kifafa cha mimba. Titi jekundu lenye moto pamoja na homa ni maambukizi, arudi hospitali. Mahudhurio ya baada ya kujifungua yabaki palepale: saa 48 hadi 72, wiki ya kwanza au ya pili, na wiki ya sita. Mama asiye na mtoto mgongoni huona aibu kukaa kwenye benchi la kliniki hiyo. Apangiwe saa tofauti au afuatwe nyumbani.

Mwajiriwa Tanzania Bara ajue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na kifungu cha 33 kinampa nyingine 84 akijifungua tena ndani ya mzunguko uleule wa likizo iwapo mtoto alikufa kabla ya kutimiza mwaka. Baba ana siku 3 za uzazi na siku 4 za msiba wa mtoto. Maofisa wengi wa utumishi hudhani mtoto akifa likizo inakatika.

Kisha mimba inayofuata. Uwezekano wa kujirudia ni mdogo, kama asilimia 2 hadi 5, lakini ni mkubwa kuliko wa mama mwingine. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki miligramu 4 kwa siku hupunguza kujirudia kwa asilimia 72. Madukani kidonge kilichopo ni cha miligramu 5, na hicho ndicho kinachoandikwa. Kianzwe miezi mitatu kabla ya kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Kile kidonge chekundu cha kliniki kina foliki miligramu 0.4 tu na hutolewa mimba ikiwa imeshaonekana, mrija ukiwa umefunga au umekataa. Jambo linalosahaulika ni SP ya kuzuia malaria: foliki ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Kwa hiyo kidonge kikubwa kisitishwe wiki ya 12, SP ianze kuanzia wiki ya 13, na kidonge chekundu kiendelee. Utrasaundi ipangwe kati ya wiki ya 12 na ya 14, kwa mpimaji aliyeambiwa historia yote kabla mama hajapanda kitandani, na ndani ya chumba awemo mtu mmoja wa kumshika mkono.